Mwendo wa Marehemu

Wiki ya kwanza baada ya maziko, mstari wa kijani ulipanda kama kawaida, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye feni ya kulalamika. Humo watu sita, sasa watano, walikuwa wakitengeneza mfumo wa kompyuta wa kusajili wagonjwa wa hospitali mpya. Ukutani ilibandikwa chati kubwa. Mstari mweusi, wa juu, ulionyesha kazi yote iliyotakiwa. Wa kijani, wa chini, ulionyesha kazi iliyokwisha, nao ulipanda wiki hadi wiki. Kutoka kwenye ncha ya huo wa kijani, mpangaji wa kazi alichora nukta nukta kufuata mwendo wa timu nzima, na pale zilipogusa mstari mweusi ndipo ilipokuwa tarehe ya kumaliza. Bosi aliipenda tarehe hiyo kuliko wanawe. Walimwita Mzee wa Ijumaa, maana kila kitu alikuwa ameshamwahidi mtu kwamba Ijumaa kitakuwa tayari.

Mpangaji huyo alikuwa mke wa marehemu. Mumewe, fundi wa programu, alikaa meza ya dirishani, na wenzake walimbatiza Watu Wawili kwa sababu alifanya kazi ya wawili na kukohoa kwa niaba ya kumi. Kifua ndicho kilichomwondoa. Kila alipoambiwa apumzike alisema amalize hiki kimoja tu.

Mjane aliporudi kazini alitakiwa kupiga hesabu ya mwendo upya, bila mumewe. Alishika kalamu, mkono ukagoma. Kumtoa kwenye hesabu kulikuwa ni kumzika mara ya pili, na ile ya kwanza ilikuwa imemtosha. Akaziacha nukta zilivyo, tarehe ileile, kana kwamba mtu yule bado anakuja kazini. Hilo ndilo kosa lake, na mimi nimeshindwa kumlaumu.

Basi vile vipande vya kazi vilivyokuwa zamu ya marehemu vikaanza kukutwa vimekamilika. Huyu alidhani amefanya yule, yule akadhani huyu. Kisha harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyojipaka marehemu kifuani, ikaanza kusikika pale dirishani. Mafundi wakahamisha meza zao kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kisingizio chake. Mjane yeye alisogea karibu. Wenzake walipotoka kwenda kula mchana, alibaki peke yake na kusikia vibonye vya kompyuta ya mumewe vikigonga, na kikohozi anachokijua, na hakuogopa hata kidogo. Alifurahi. Alirudi nyumbani akiimba, mpaka mama mkwe, aliyekuwa akiishi naye, akamtazama kwa mashaka.

Jioni moja wakichambua mchele, mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, “Mwanangu hajalala.”

Akaeleza kwamba humwota kila siku. Husimama mlangoni, macho mekundu, akitafuta mahali pa kukaa, na kabla hajakaa huitwa, akaondoka mbio.

“Mkwe wangu, nani anamwita?”

Mjane aliinamia ungo.

“Jana ameniambia, ‘Mama, nimechoka.’ Alipokuwa hai hakuwahi kuniambia hivyo.”

Kesho yake mchana, chumba kilipobaki kitupu, mjane alisimama nyuma ya kiti cha dirishani, na safari hii alisikiliza kama anavyosikiliza mke, akasikia kwamba vibonye havikupumzika hata sekunde moja, kwamba kikohozi kilikuwa kimeshuka chini kabisa na kukauka, kwamba pumzi iliyokuwa ikivutwa pale mbele yake, pasipo na mtu, ilikuwa ya mtu anayepandishwa mlima kwa fimbo, na alipoinama na kunong’ona, “Umechoka?” vibonye vilinyamaza, kiti kikalia kama mtu anayejaribu kuinuka, kisha vikaanza tena kwa kasi zaidi, vikigonga kwa hofu, kwa sababu ukutani alikuwa amehesabiwa, na aliyehesabiwa ilimpasa kuja.

Mjane aliiendea chati. Bosi alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni, jasho linamtoka.

“Shemeji, usiiguse hiyo. Kazi inakwenda.”

“Inafanywa na nani?”

“Mimi sitaki kujua,” alinong’ona bosi. “Na wewe usitake.”

Mjane alichora. Bila Watu Wawili nukta zililala, zikaenda mbali, zikamaliza karatasi na kuendelea ukutani, na kila alipoweka nukta moja, nyuma yake vibonye vilipunguza mwendo. Alikuwa anamfukuza mtu aliyemtaka kuliko watu wote duniani, naye alilijua hilo, akaendelea.

“Lala sasa, mume wangu,” alisema. “Kazi zilizobaki ni zetu.”

Kikasikika kikohozi kimoja, kifupi, kisha kimya. Harufu ya dawa ilikaa kidogo, ikaisha.

Asubuhi mama mkwe aliamka uso umemnawiri. Alisema amemwota mwanawe amelala kiubavu, fofofo, kama alivyolala utotoni. Walishikana mikono wakalia pamoja, kilio kizuri.

Ofisini, mjane alikuta ukutani karatasi mpya. Bosi alikuwa amezirudisha nukta kwenye tarehe ya zamani. Na kazi ya meza ya dirishani ilikuwa imefanyika, si ya siku moja, ya wiki nzima.

“Unaona?” bosi alimnong’oneza, macho yanameremeta. “Amerudi.”

Mjane alikimbilia dirishani. Aliinama juu ya kiti akavuta pumzi. Dawa ya kuchua haikuwapo. Ilimpanda harufu ya maji yaliyofungiwa muda mrefu, vibonye vilikuwa na unyevu mzito, na kitu kilichokuwa kikipumua pale hakikukohoa. Mumewe alikuwa amelala. Nafasi ilikuwa imetangazwa tena ukutani, na asiyejulikana alikuwa ameijaza.

Alilia mbele ya wote, wakadhani ni woga. Lakini alipoiona ile kazi imekamilika, kabla hajanusa chochote, moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha.