Gari la Ghalib Kama Lilivyotoka Kiwandani

Harufu ya moshi wa gari ilianza kusikika jikoni kwa kina Nashwan wakati gari lenyewe halina injini. Injini ilikuwa kule gereji, nyuma ya nyumba, inaning'inia kwenye mnyororo, imefunikwa turubai. Haikuwa na tone la petroli wala waya uliounganishwa popote. Na gari analoendea kazini Nashwan lilikuwa barabarani, limezikwa na theluji tangu usiku.

"Mama, unasikia harufu?"

Mama yake, Bi Taqiya, alikuwa anasukuma mkate mezani. "Naisikia," akasema, na akatabasamu.

Tabasamu lile lilimtia Nashwan wasiwasi kuliko harufu yenyewe. Tangu baba yake afariki msimu wa majani kupukutika, hakuwa amemwona mama yake akitabasamu.

Gari lilikuwa Pontiac ya mwaka sitini na tisa, milango miwili, kijani, lenye nguvu za kuvuta nyumba. Lilikuwa la Ghalib, kaka mkubwa wa Nashwan. Wayemeni wa Dearborn, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, wa umri fulani wote wanamkumbuka Ghalib, kijana wa kiwanda cha chuma, mcheshi, mkorofi, anayepiga honi mtaa mzima ajue katoka kazini. Asubuhi moja ya baridi aliingia gereji kulipasha moto gari, mlango akauacha umefungwa. Walimkuta amekaa, mikono kwenye usukani, moshi umejaa mpaka darini. Nashwan wakati huo alikuwa bado mtoto wa kulala taa ikiwaka.

Baada ya matanga, baba yao, Mzee Muqbil, alifanya jambo lililotuvunja mbavu sisi majirani. Mtu wa swala tano, asiyejua hata kupiga mluzi, alilipaka gari rangi nyeusi na kulichora ndimi za moto ubavuni. Alitoa injini akaweka nyingine, kubwa, ya kelele, akakata tundu kwenye boneti ili itokeze. Viti akavigeuza vyekundu. Usukani akaweka mdogo wa kama toi. Tukasema mzee karudi ujana, sasa anatafuta mke wa pili. Hakujibu mtu. Vyuma vya awali alivibeba mwenyewe, kimoja kimoja, akavitawanya miji ya mbali, na gari akaliacha gereji bila kuliendesha hata siku moja.

Sasa lilikuwa mali ya Nashwan, na alikuwa njia panda. Aliache alivyoliacha baba, au alirudishe kama lilivyotoka kiwandani?

Bi Taqiya hakuwa na mjadala. "Mrudishie kaka yako gari lake."

Naye Kaz Wojtala, jirani Mpolandi aliyezeekea chini ya magari ya zamani, alikuwa haambiliki.

"Nash, ukiliacha na madoido haya mimi na wewe tusisalimiane."

"Baba alifanya kwa mkono wake, Kaz. Nikifuta haya, namfuta yeye."

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na roho nzuri na macho mabaya. Wewe umerithi kimojawapo, sijajua bado kipi."

Nashwan akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Wakaanza kutafuta vyuma.

Wenye kazi hiyo wanajua, kupata kipande kile kile kilichozaliwa na gari ni bahati ya kuota. Wao walivipata kama vilikuwa vinawasubiri. Usukani waliukuta kwenye meza ya kwanza ya soko la vyuma vikuukuu. Viti vilikuwa kwenye zizi la mkulima aliyesema hajui vilifikaje pale. Injini ilikuwa mji wa Toledo, kwa mzee mmoja. Kaz aliifuta tope kwa kitambaa, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akasoma tena, kisha akaibusu. Ilikuwa namba ile ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari la Ghalib. Mwenye injini alibaki barazani, hakusogea karibu.

"Chukueni," akasema. "Msiniambie mnaipeleka wapi."

Kaz aliimba njia nzima ya kurudi. Nashwan hakuimba. Alikuwa anajiuliza kwa nini mtu agawe kitu kama kile bila kuuliza hata jina.

Siku ile ile harufu ikaanza.

Mchana uliofuata Bi Taqiya alijifunga blanketi, akaenda kukaa ndani ya gari. Nashwan akamsikia kutoka uani anaongea, ananyamaza, anacheka. Alipochungulia, vioo vilikuwa vimeshika ukungu wa pumzi kwa ndani: upande wa abiria alikokaa mama yake, na upande wa dereva pia. Akafungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimebonyea, na alipokigusa kilikuwa na joto.

"Usikae hapo," mama yake akanong'ona, kwa upole kabisa. "Huoni kuna mtu?"

Akamtoa mama yake kwa kubembeleza, akajiambia ni uzee, ni ukiwa, ni baridi. Mtu akiogopa hujitafutia maneno.

Kesho yake Kaz akatoka gereji bila koti, uso mweupe kuliko theluji aliyoikanyaga.

"Nash, kuna mtu kakanyaga breki."

"Mtu gani?"

"Nilikuwa chini ya gari. Pedali ikashuka, nikasikia na buti inateleza. Nikasema huyu Nash ananitania. Halafu nikaona miguu yako." Akateremsha sauti. "Ulikuwa umesimama kule mlangoni, kaka. Umesimama mlangoni."

Akafanya ishara ya msalaba, akaenda kwake, koti akaliacha.

Nashwan akaenda kwa Bi Jawhara, mwenye duka la mikate, anayewasomea wagonjwa Kurani nyuma ya tanuri. Alipotaja usukani, mama yule akaacha unga. Alipotaja injini, akakaa chini.

"Mmeirudisha?"

"Bado inaning'inia. Bi Jawhara, kuna nini?"

"Baba yako alikuapisha usiliguse?"

"Hakuniambia kitu."

"Alikuwa anamfichia mama yako aibu." Akajifuta mikono. "Sikiliza, mwanangu. Baada ya kumzika Ghalib, baba yako alimkuta mama yako ndani ya gari lile, linaunguruma, mlango wa gereji umefungwa. Akamtoa. Baada ya siku chache akamkuta tena. Mama yako akasema Ghalib kamwita amkalie karibu. Haikuwa Ghalib. Ni jini, limekaa kwenye gari lile, na ndilo lililomla Ghalib pumzi. Nililisomea mpaka sauti ikanikauka, halikutoka. Nikamwambia baba yako: halifukuziki, basi lipotezwe. Libadilishie nyumba yake mpaka lisiitambue."

Nashwan akapigwa na butwaa. Zile ndimi za moto. Kile kiusukani. Mzee wa watu alikubali kuchekwa na mji mzima maisha yake yote, na yeye mwanawe alicheka pamoja nao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnashangilia vyuma. Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

Nashwan alishatoka mbio. Alikimbia juu ya barafu, anaanguka na kuinuka, na kabla hajafika uani akasikia injini inaunguruma, mngurumo wa zamani aliousikia mara ya mwisho akiwa mtoto, na mlango wa gereji ulikuwa umeshuka, na chini yake moshi wa buluu ulikuwa unatambaa juu ya theluji, na alipouinua kwa mabega akaiona ile injini bado iko kwenye mnyororo wake, haijagusana na kitu, inatetemeka na kutema moshi huku turubai likipepea juu yake, na ndani ya gari mama yake kalalia bega la mtu ambaye hayupo, macho yamefumbwa, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Mdogo wangu," sauti ya Ghalib ikasema kutoka kila upande. "Ingia, baridi itakuua."

Nashwan alilia. Alilia kwa sababu aliitamani sauti ile. Kisha akamvuta mama yake nje, akamlaza uani kwenye hewa, akarudi ndani na grenda, ile mashine ya kusagia chuma, na hakusaga boneti wala kiti. Alisaga ile namba ya injini, ambayo kwayo jini liliitambua nyumba yake.

Cheche zikaruka. Sauti ikamwita kwa jina, ikamtukana, ikamwomba. Nyuma yake mama yake alikuwa amezinduka, anatambaa kwenye theluji na kupiga mayowe: "Unamuua! Unamuua mwanangu!" Bi Jawhara akafika anahema, akaanza kusoma na kunyunyiza maji. Tarakimu moja ikafutika, ikafuata nyingine, na ya mwisho ilipotoka, injini ikazima. Moshi ukapanda na kupotea.

Wiki ile Kaz alikuja mwenyewe kuchora upya ndimi za moto, mbaya kuliko za mwanzo, bila utani hata mmoja. Gereji ikarudia kunuka kutu na mafuta tu. Bi Jawhara akasema chuma kimesafika.

Bi Taqiya hakumsemesha mwanawe. Alipika, akala, akafunga mlango wa chumba chake. Mpaka mchana mmoja wa jua kali juu ya theluji, Nashwan alipotoka kazini na kumkuta ameandaa meza, kajipaka wanja.

"Kaa ule," akamwambia.

Nashwan akakaa, moyo umemtulia kwa mara ya kwanza. "Mama, nisamehe. Lile halikuwa Ghalib."

"Ulidhani sijui?" Bi Taqiya akamkatia mkate. "Ghalib nimemzaa mimi. Hakuwahi kuniita mama bila kunitania. Hilo lina adabu. Nililijua siku ya kwanza."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu lina sauti yake. Baba yako aliniondolea, nikanyamaza miaka yote. Wewe ukanirudishia, halafu ukaisaga mbele ya macho yangu." Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga sahani. "Lilipokuwa linatoka liliniuliza liende wapi, maana halina tena kwao. Nikaliambia."

Juu ya vichwa vyao mbao zikalia. Mtu alikuwa anashuka ngazi, taratibu, kwa buti nzito za kiwandani. Nashwan alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Aliona tu uso wa mama yake, unavyochangamka kadiri hatua zinavyokaribia, mpaka ukawa uso wa mwanamke kijana.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Umekalia kiti cha kaka yako."

Nashwan akasogea.