Sahani ya Kwanza

Zena alianza kumshuku mumewe kwa ajili ya chapati. Kila alfajiri Mudathir alichukua sahani ya kwanza kutoka jikoni, akajifungia nayo katika chumba cha vitabu, kisha akatoka nayo ikiwa vile vile, haijaguswa. Ndipo familia ilipokula. Lakini chapati za sahani ile zilikuwa baridi kama kiporo, na chumvi aliyoitia Zena kwa mkono wake haikuwamo.

Nyumba yao ya Mkuza, Kibaha, haikuwa na pa kumficha mwanamke. Hata hivyo, Zena alisikia maji yakimwagwa mle ndani na mumewe akinong'ona kwa upole ambao yeye hakuwa ameuonja tangu fungate, na chini ya mlango ukapenya moshi wa udi uliochanganyika na harufu ya tope. Wivu ukamwingia.

Siku moja Mudathir alipokwenda shuleni kufundisha, Zena akafungua kwa ufunguo wa akiba. Hakukuta mwanamke. Alikuta mamba wa jiwe, urefu wa kiganja, amefunikwa kitambaa cheupe na kuwekewa hereni za Naila, binti yao wa miaka sita. Mgongo wa mamba ulikuwa umelowa.

Jioni akambana mumewe.

"Nilimnunua mjini Fayumu, nilipokuwa nasoma Misri," Mudathir alisema kwa sauti ya chini. "Zamani kule kila mji ulikuwa na mungu wake. Mji ule waliabudu mamba. Makuhani walimwogesha, wakamvisha dhahabu, wakamlisha kwanza, halafu wao wakala alichobakiza."

"Kwa hiyo sisi tunakula makombo ya jini?"

"Nilianza kwa mzaha, Mama Naila. Nilipotaka kuacha, mtoto akagoma kula."

Zena hakuamini, akapika uji. Naila, ambaye mikono yake ilishakuwa vijiti kwa kula makombo yale tu, aligeuza uso. "Bado yeye hajala," alisema.

Kesho yake waliteremka hadi Mzenga, Kisarawe, kwa mganga aliyeitwa Mwinyimadi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu." Mzee alilitazama jiwe bila kuligusa. "Aliyemleta ndiye wa kumtoa. Baba mtu amfukie kwa mkono wake, kule Marui, kwenye nchi kavu, mbali na maji. Basi."

Mudathir alikubali upesi, na upesi ule ndio uliomtia Zena shaka. Mtu aliyefunga mlango miezi mitatu atashindwa kumfukua kesho? Ule usiri wa mumewe haukumtoka moyoni. Asubuhi alifunga kipande cha tofali cha ukubwa wa mamba kwenye kitambaa kile cheupe, akampa mumewe aende nacho Marui, na yeye, huku kikapu alichomtia mamba kikizidi kuwa kizito kila alipokaza mkono, akapanda bodaboda mpaka Ruvu, akasogea ukingoni pale majani yalipokuwa yakitikisika bila upepo, akafumba macho, akamrusha mamba mtoni, maana kilichozikwa hufukuliwa lakini Ruvu haimrudishii mtu kitu.

Mudathir alirudi jua likizama, kucha zimejaa udongo mwekundu.

"Nimechimba mpaka kiunoni," alisema, akalia. "Nisamehe, mke wangu."

Alikuwa mkweli. Zena aliona aibu hadi masikioni, lakini hakumwambia habari ya tofali, kwa kuwa Naila alikuwa akila ugali wa moto, akiomba na wa pili.

Siku ya tatu alfajiri, jirani yao Laurensia alipiga kelele nyuma ya ukuta: "Mama Naila, maji yametoka! Wahi kabla hawajakata!"

Zena alikimbia na ndoo. Bomba lilikohoa, likatema, likaanza kumwaga, na harufu ikampanda puani, udi na tope, ile ile ya chini ya mlango, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba maji wanayokunywa Kibaha nzima yanavutwa kutoka Ruvu.

Naila alitoka ndani peku, akakinga kikombe, akakiweka chini taratibu na kurudi nyuma hatua mbili.

"Usinywe, mama," alinong'ona. "Ya kwanza ni yake."

Zena alifungua kinywa amwite Mudathir. Kabla sauti haijatoka, alimsikia mtoto wa Laurensia ng'ambo ya ukuta, mtoto ambaye hajawahi kukanyaga nyumba yao, akimwambia mama yake:

"Ngoja, mama. Bado yeye hajanywa."