Sauti ya Bibi Mwanakombo

"Usiniite laazizi! Umeisambaza au hukuisambaza?"

Mgahawa mzima karibu na stendi ya Masasi uligeuka. Salmini akasogeza pembeni sahani ya chipsi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na simu mbili ziko mezani.

"Ndiyo kazi yangu, Shamila. Mgombea kaniajiri nimtafutie kura. Kule vijijini nani anasoma ilani? Watu wanaamini sauti ya mtu wanayemjua."

"Ndiyo ukachukua ya bibi yangu?"

"Ni yako, mama. Uliigiza mwenyewe, tukacheka mpaka machozi."

Kweli Shamila alicheka. Juma lililopita Salmini alimpa karatasi, akambembeleza aisome kwa Kimakonde, kama bibi yake. Mjukuu na bibi ni watani, kumwiga si kosa. Shamila akajitanda khanga, akaibana sauti, akasoma kwamba Mama Glory, anayegombea udiwani, ameuza salfa ya wakulima, dawa ya mikorosho, na kuwagawia majivu. Salmini akamrekodi; yeye akadhani ni mchezo wa wapenzi. Kesho yake sauti ile ilikuwa kwenye makundi arobaini ya WhatsApp, kuanzia kijiji cha Mkunya hadi Mnyambe. Na Bibi Mwanakombo ndiye aliyewacheza unyago nusu ya wanawake wa Mkunya. Akisema neno, hawaulizi mara mbili.

Simu ya Shamila ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi yako hali chakula tangu jana. Mama Glory, naye mwali wake wa unyago, alikuja kumuuliza, 'Somo, nimekukosea nini?' Wakalia wote wawili. Watu wamerudisha salfa, na maua ya mikorosho yanaliwa na ugonjwa wa ubwiri. Bibi anauliza nani kachukua sauti yake. Nimjibu nini?"

Shamila akaitoa simu sikioni. Akakata.

"Vumilia mpaka uchaguzi upite," Salmini alinong'ona. "Nitafuta kila kitu. Halafu naleta posa kwenu."

"Utamletea nani? Mjomba hapokei posa bila bibi kukubali. Na mikorosho nayo isubiri uchaguzi?"

"Nikikanusha, nafukuzwa leo hii."

"Sikukuomba ukanushe. Lete simu. Wewe ndiye mwenye makundi."

Salmini aliishika simu kwa mikono miwili. Alimtazama mwanamke aliyemzoea akicheka; leo alikuwa amenyoosha mkono, anaisubiri simu.

"Shamila, watu watakutukana. Mpaka huko kwenu."

"Wanitukane mimi. Bibi wamwache."

Salmini akafungua simu, akampa. Shamila akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema kwa Kimakonde, kwa sauti yake mwenyewe:

"Mimi ni Shamila binti Yunusi, mjukuu wa Bibi Mwanakombo. Ile sauti si ya bibi. Ni yangu, nilimwiga. Mama Glory hakuuza kitu. Kachukueni salfa, mpulizie mikorosho."

Alipotaka kuachia kitufe, Salmini akamshika mkono, akainamia simu.

"Na mimi ni Salmini wa kampeni. Niliandika uongo ule, nikausambaza. Yeye hakujua."

"Nani kakutuma useme?" Shamila alimfokea, huku anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Nyamaza, nifanye kazi."

Simu ilikubali makundi matano tu kwa mkupuo. Salmini akachagua matano ya Mkunya, akatuma. Akachagua mengine. Jina la bosi likajitokeza kwenye kioo, simu ikatetemeka mkononi mwake. Akaikata, akatuma matano ya Mnyambe.