Usipulize kwa Mdomo

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kinyaa sina. Nimeshatoa mende, mikojo ya panya, hata mjusi aliyekaukia kwenye feni, kisha nikanawa nikala. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu jioni ile, nilikwenda huku napiga mluzi.

"Njoo, mdogo wangu. Ile kompyuta ya shemeji yako imegoma kuwaka."

Marehemu shemeji aliiunda mwenyewe, kifaa kwa kifaa, pale kwenye meza ya kulia chakula. Alifia usingizini, ndivyo tulivyoambiwa. Humo ndani ilibaki video moja tu ambayo anasikika, anamwimbia binti yake.

"Mtoto ameanza kuisahau sauti ya baba yake," dada aliniambia mlangoni.

"Usijali, dada. Kwangu hii ni kumsukuma mlevi."

Nikabonyeza swichi. Kimya.

Nikafungua kasha...

Mama yangu! Haikuwa harufu ya waya ulioungua. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa kilicholala bila mswaki miezi. Vumbi lenyewe lilikuwa bichi, jeupe, linateleza, kama utando wa kwenye ulimi wa mgonjwa.

"Kuna panya amefia humu?"

"Hakuna panya nyumba hii," alinong'ona. Alikuwa ameegemea ukuta wa mbali.

Nikafuata utaratibu. Nikachomoa kila kisicho cha lazima, nikawasha. Kimya. Nikabadilisha waya wa umeme. Kimya. Nikatoa memori, nikaisugua kwa kifutio, na kifutio kikarudi na ute unaovutika. Ptuu! Likabaki tundu lake. Hapo ndipo mafundi tunapokosea, na makusudi kabisa: brashi iko mfukoni, lakini tunapuliza kwa mdomo. Nikainama.

Fuuu...

Tundu likanivuta.

Haki ya Mungu, pumzi ilitoka ikaendelea kutoka, mpaka mbavu zikauma. Halafu kitu kikarudi kwa njia ileile. Kina uvuguvugu. Kinateleza. Kikapita juu ya ulimi wangu, kikashuka kooni huku nahangaika kukitema. Nilitapika mate matupu sakafuni.

Feni ikaanza kuzunguka, na memori ingali mkononi mwangu.

"Imewaka," dada alisema, wala hakushangaa. "Na yeye alikuwa anapuliza hivyohivyo. Nilimkuta mdomo umo humo ndani. Ilibidi nimbandue."

Nilitaka kumuuliza kwa nini alituficha, lakini koo lilikuwa limejaa.

Akafungua video. Shemeji huyo, kampakata mwanawe, midomo inacheza. Sauti hakuna. Nikaongeza mpaka mwisho. Hakuna. Nikakohoa kwa nguvu, nikapata upenyo wa kusema.

"Spika zina shida."

Sauti ile haikuwa yangu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Binti alisimama pale amekumbatia mto, uso umechangamka, sijawahi kumwona hivyo tangu msiba.

"Baba?"

Nikamgeukia dada yangu, tumbo moja tumetoka, nikisubiri amwambie mtoto kwamba huyu ni mjomba. Hakumwambia. Alikuwa ananitazama mdomo tu. Kisha akavuta kiti cha marehemu, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu mezani, baba watoto," alinong'ona.

Nikakaza meno nisijibu. Nyuma ya meno hayo, kitu kikajigeuza taratibu, kikajibu.