Bawabu Niliyemfundisha Kunyamaza

Nilisimama mbele ya wakubwa watano wa hospitali nikasema mke wangu ni mwongo.

Mke wangu wa ndoa! Na alikuwa amekaa pale pale, na sare yake ya uuguzi, ananitazama.

Neno lenyewe sikulitamka, jamani. Nilisema tu, "Mfumo hausemi uongo." Lakini nani hakuelewa?

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja, fundi seremala, alichomwa sindano ya dawa isiyopatana na mwili wake. Koo likavimba, nusura atutoke. Mke wangu akaapa kwamba mzio huo aliuandika kwenye faili, tena mara tatu! Daktari akafungua faili kwenye kompyuta mbele ya wote. Penye "Mzio" palisomeka: "Hakuna."

Mfumo huo wa mafaili ya wagonjwa nimeuandika mimi. Kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, peke yangu, miaka minne, mgongo umeshakuwa wa babu.

Mama watoto akasimamishwa kazi.

Siku tatu zikapita. Jumamosi mchana akaniwekea kompyuta yangu mezani.

"Kaa."

"Mke wangu, nimechoka..."

"Na mimi nimechoka. Kaa!"

Akaniamuru nifungue faili la majaribio, lililokwisha kusainiwa na daktari, kama lile la mzee. Akaandika mzio. Akabonyeza.

Kioo kikajibu: "Imehifadhiwa."

Akalifunga, akalifungua upya.

"Soma."

"...Hakuna."

"Sikusikii."

"Hakuna!"

Wadau, nikaingia kwenye msimbo, yale maagizo ya mfumo niliyoyaandika.

Taarifa za mgonjwa nilizifungia ndani, hazigusiki moja kwa moja. Anayetaka kuandika anapitia __set. Anayetaka kusoma anapitia __get. Ni mabawabu wawili wa mlangoni, PHP huwaita yenyewe. Watu wazuri tu, ukiwafundisha adabu.

Wa kwanza nilimwambia: faili likishasainiwa, usipokee kitu. Hapo sina kosa. Lakini alikuwa hakatai kwa sauti! Anachukua ulichomletea, anakitupa, ananyamaza. Mfumo unadhani mambo yamekwenda, unaandika "Imehifadhiwa."

Wa pili, akiulizwa asichokuwa nacho, hasemi "sijui". Anajibu "Hakuna", tena kwa kujiamini kabisa.

Juu ya __set palikuwa na maelezo mafupi, na tarehe. Yangu mwenyewe.

"Nimeondoa ujumbe mwekundu wa kosa. Wauguzi wanapiga simu mno."

Mke wangu akainama, akasoma.

"Tarehe hii naikumbuka," akasema. "Siku hiyo niliyepiga simu ni mimi. Ukanijibu, 'Kuanzia kesho hutaliona tena hilo kosa.'"

Ni kweli. Nilikuwa nimechoka na simu. Kumbe nilitibu simu, ugonjwa nikauacha!

Jumatatu nikarudi mbele ya wale watano.

"Mfumo ulisema uongo," nikawaambia. "Aliyeufundisha ni mimi."

Yeye akarudishwa kazini siku hiyo hiyo. Mimi nikaambiwa nirekebishe mfumo, kisha nichukue barua yangu ya kusimamishwa. Nikarekebisha. Sasa bawabu wa kwanza akikataa, anapiga kelele kwa maandishi mekundu. Na wa pili, asichokijua, anasema hajui.

Getini nikamwambia mke wangu, "Nisamehe."

"Nimesikia."

"Ndiyo kusema umenisamehe?"

Akapumua. "Baba watoto, miaka yote nakueleza mambo ya nyumba yetu. Unanijibu 'sawa, sawa'. Kesho yake nikikuuliza, hukumbuki hata moja. Mimi huyo bawabu wako nimeolewa naye."

Akageuka, akarudi wodini.

Ndugu zangu, kukataa si dhambi. Ukikataa, sema umekataa. Ukiwa hujui, sema hujui. Ukimya wako unaweza kumkaba koo mtu usiyemjua, na unayemjua pia.

Samahanini, simu inaita. Ni yeye.

Safari hii naweka kompyuta chini kwanza.