Kabati la Maboksi la Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akafagia nywele zilizoanguka sebuleni. Mama yake alikuwa msusi, na sebule ndiyo iliyokuwa saluni yake. Shuleni aliitwa jina jingine. La Chiriku alilipata nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Kilichomchosha mama si kusuka, bali kutafuta. Vitana, vibanio, rangi za kucha, mafuta na dawa za nywele vilirundikwa katika beseni moja. Akikipata kibanio, kitana kimeshazama. Wateja walimtania kwamba beseni lile lina njaa, linameza vitu.

Shule zilipofungwa, Chiriku aliamua kumtengenezea mama kabati dogo bila kununua chochote. Alibandika maboksi matatu ya viatu, moja juu ya jingine, kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimpa mabaki ya kitambaa cha maua, akayafunika maboksi yote. Makopo ya maziwa aliyavika kitambaa hichohicho, yakawa ya kutilia vitana. Rangi za kucha alizipanga kwa mstari, kuanzia nyeupe hadi nyeusi.

Makopo mawili ya dawa ya kulainisha nywele, moja la dawa kali na jingine la nyepesi, ndiyo yaliyomkera. Yalikuwa yamebonyea na hayakuendana na maua. Akahamishia dawa katika chupa mbili za jamu zinazofanana, akazivika kitambaa. Makopo yenyewe yaliondoka na gari la taka asubuhi hiyohiyo.

Mama aliporudi kutoka sokoni alisimama mlangoni na kikapu mkononi, asijue aanze kutazama wapi. Alisema sasa atalazimika kuvaa viatu vizuri ndani ya nyumba yake. Kichwa cha Chiriku kikavimba.

Mchana alikuja muuguzi, mteja wa siku nyingi. Mwaka uliopita, saluni moja ilimpaka dawa kali, akatoka malengelenge kichwani. Tangu hapo alipakwa dawa nyepesi tu, tena na mama peke yake. Naye alilisifu kabati, akauliza kama fundi wake anapokea kazi za nje. Mama akacheka, akavaa glavu, akamwambia Chiriku ampe dawa nyepesi.

Mkono wa Chiriku ulikwenda, ukasimama. Dawa zote mbili zilikuwa nyeupe, na harufu yake ni moja. Ya kushoto ndiyo nyepesi, alidhani. Alikuwa karibu kuwa na hakika. Angetoa hiyo, na huenda mambo yangekwenda sawa, na sifa zingeendelea. Akatazama utosi wa muuguzi. Kati ya nywele palikuwa na kovu dogo linalong'aa.

"Mama, usimpake," alisema. "Nimezichanganya. Sijui ipi ni ipi."

Mama aliuliza makopo yako wapi. Alipojibiwa, alivua glavu, kisha akazimwaga dawa zote mbili. Ilikuwa dawa ya kutosha mwezi mzima. Chiriku alitazama ikiondoka, machozi yakamlengalenga. Mama akamtaka muuguzi radhi, wakakubaliana asukwe bila dawa.

Baada ya hapo mama alimkabidhi mwanawe mkasi na kalamu ya wino mzito. Hakumgombeza. Alimwelekeza akate kidirisha mbele ya kila kitambaa ili maandishi ya kopo yaonekane, na palipokosa maandishi, ayaandike. Dawa mpya itakaa katika makopo yake, hata yakibonyea. Chiriku alikata na kuandika, mara hii bila neno.

Muuguzi alimtazama kupitia kioo.

"Hospitalini kwetu," alisema, "chupa isiyo na jina tunaitupa hata ikiwa imejaa. Hatuulizi nani anadhani ni dawa gani."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimeshakusamehe. Ila nisikilize, mwanangu. Kitu kizuri kisifiche kile ambacho mtu anahitaji kukijua. Na kusema 'sijui' wakati watu wanakusifu ni kugumu kuliko kutengeneza kabati kumi. Leo umeweza. Kesho ukiwa mkubwa, na kazi yako ni kubwa, uweze tena."

Mama aliitikia kwa kichwa, akamgeuza muuguzi taratibu kuelekea kwenye mwanga, akaanza kusuka.