Kisima Kilichoachwa Wazi

Jiwe lilihama chini ya mguu wa Kimotho, na kabla hajamaliza utani aliokuwa ameuanza, alikuwa ameporomoka genge zima. Mkoba wenye maji yao yote ulitangulia. Uligonga mwamba, ukaruka, ukagonga tena, chupa zikapasuka, na maji yakamwagika juu ya mawe ya moto yakakauka watu wakitazama. Kimotho akafuata kwa makalio, akipiga kelele, kisha akanyamaza.

"Kimotho!" dada yake Wagaki aliita. "Kaka!"

"Niko," sauti ikajibu kutoka chini. "Lakini mguu sijui kama tumefika pamoja."

Nzilani alishuka kwa mikono na magoti. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka upande juu ya kifundo, na tayari umeanza kuvimba. Akapasua leso yake, akatafuta vijiti vilivyonyooka, akafunga. Mikono ilijua kazi yake. Moyo ndio uliokuwa unamsuta, maana njia hii aliichagua yeye.

Huyu Nzilani, watu wengi humwita Mama Ndanu, alikuwa mshonaji wa sare za shule pale Kyumbi, na kila Jumamosi aliongoza kikundi cha watembeaji. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachagulia njia. Wageni aliwapeleka vilima vya Mua, ambako mtu anaweza kupumzika chini ya miti ya matunda. Waliopenda baridi na msitu aliwapeleka Iveti. Wenye pumzi aliwapandisha Kilimambogo. Hakuna aliyewahi kulalamika, na sifa zikamwingia kichwani kidogo, tusifichane. Mwaka huu kikundi kilitaka safari ya siku mbili, ya kulala nje, naye akataka kuwapa mahali ambapo vikundi vingine havijawahi kupiga picha: ukingo wa Yatta, halafu mteremko, halafu mto wa mchanga chini, mweupe kama unga. Akaja kuikagua kwanza pamoja na Kimotho, muuza tairi wa Mlolongo, na Wagaki. Kuuliza wenyeji hakuuliza. Njia aliiona kwenye simu, akaipenda kwa macho, kama mtu anavyopenda kitambaa bila kukishika.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hakuna kati yao aliyelitaja wakati mguu ule ukifungwa.

Asubuhi, walipokuwa wakivuka mto wa mchanga, walikuta kisima. Kilikuwa kimechimbwa mchangani, kikafunikwa jiwe bapa, na juu ya jiwe matawi ya mgunga yenye miiba mirefu. Nzilani alijua maana yake. Alilelewa na nyanya yake kule Wamunyu, na huko mtoto anafundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kusoma: kunywa, hata kama hujulikani, hakuna atakayekunyima, lakini jiwe lirudi na miiba irudi, maana mnyama akiingia, watu watalala na kiu. Basi walitoa miiba, wakasukuma jiwe, wakanywa, wakajaza chupa, wakanawa na nyuso.

"Hatufungi?" Wagaki aliuliza.

"Miiba yenyewe imenichoma vya kutosha," Kimotho alisema akinyonya kidole. "Huyu mwenye kisima alikuwa anafungia nani, simba?"

Nzilani aliangalia jua. "Twendeni. Likipanda sana, ukingo utakuwa mweupe tu, hakuna picha itatoka. Jioni tutapita hapa, tutafunga."

Na wakaenda.

Sasa walikuwa chini ya genge, bila tone la maji, na joto likitoka juu na kutoka chini.

"Simu inasema nini?" Wagaki aliuliza.

"Inasema hakuna mtandao."

"Na kupanda tena?"

"Na huyu? Hatuwezi." Nzilani alionyesha kwa mkono kule bonde lilikoelekea. "Tutashuka mpaka mchanga, halafu tufuate mto kurudi tulikotoka. Mpaka kisimani."

Wakamwinua Kimotho, kila mmoja na bega lake. Alikuwa mwanaume mzito. Mchanga ulimeza miguu yao mpaka vifundoni, na kila hatua ilikuwa kama kung'oa mche. Mwanzoni alikuwa anawatania: "Mkinifikisha nyumbani nitawanunulia tairi mpya, hizi zenu zimeisha." Baadaye akawa anacheka peke yake bila kusema anacheka nini. Baadaye tena akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomwogopesha Wagaki. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na jasho lilikuwa limekoma kumtoka.

"Mama Ndanu, huyu anaenda," Wagaki alisema. "Huyu kaka yangu anaenda."

"Haendi popote. Mfunike kichwa. Tukipinda pale, kisima kiko hapo."

Walisikia kabla ya kuona. Ng'ombe walikuwa wanalia, mlio ule wa mnyama aliyenusa maji akanyimwa. Walipopinda, Nzilani alisimama ghafla mpaka Kimotho akaguna kwa maumivu.

Kisima hakikuwepo. Palikuwa na shimo la tope lililobomoka, kwato kila mahali, na kinyesi kikielea. Miiba ilikuwa pale pale walipoitupa asubuhi. Kando, fahali walikuwa wamesukumwa nyuma, na mwanaume mwembamba aliyejitupia kikoi mabegani alikuwa ameingia tope mpaka magotini, akitoa uchafu kwa mikono.

Aliinua kichwa, akaona mguu wa Kimotho, akatoka shimoni mbio. Jina lake lilikuwa Adow, mfanyabiashara wa mifugo, akipeleka fahali wake sokoni Matuu kwa mguu. Alikuwa na punda, na juu ya punda palikuwa na jerikeni yenye maji kidogo chini.

"Polepole," alimwambia Wagaki, akimpa kifuniko badala ya kikombe. "Umlowanishe mdomo kwanza. Akimeza yote sasa, atatapika. Na nyinyi mnywe."

"Na wewe?" Nzilani aliuliza.

"Mimi nilikunywa jana," alisema, akacheka kidogo. Kisha akageukia lile tope, na uso wake ukabadilika. "Nimekuta wazi. Wanyama walinusa kutoka kule juu, wakanishinda mbio. Nani anaacha kisima namna hii? Pengine watoto."

"Pengine," Nzilani alisema.

Neno hilo moja. Alilisema huku maji ya mtu yule yakiwa bado mdomoni mwake, na alipoyameza yakapita kama mchanga. Wagaki alitazama pembeni.

Wakamweka Kimotho kivulini. Adow akarudi shimoni. Nzilani alitaka kumsaidia, lakini akaketi kando ya Kimotho, akaanza kuufunga upya mguu uliokuwa umefungwa vizuri.

Ndipo mwenye kisima akatokea. Alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Syombua, na nyuma yake punda wenye majerikeni matupu. Aliona ng'ombe kwanza. Halafu shimo. Alipiga yowe ambalo lilipanda ukingoni likarudi, na kabla halijaisha shemeji yake Mutinda alikuwa anateremka na panga, na wanaume wengine nyuma yake, pikipiki zao wameziacha juu njiani.

"Nimechimba hii mwezi mzima!" Syombua alilia. "Kwa mikono hii! Leo watoto wangu watakunywa nini, mkojo wa ng'ombe zako?"

"Mama, tulikuta wazi," Adow alisema. "Wallahi, ilikuwa wazi."

"Wazi? Mimi nilifunga mwenyewe! Jiwe lilitembea?"

"Hizi ng'ombe hazitoki hapa," Mutinda alisema. Wanaume walikuwa wameshazunguka fahali. Mmoja alimshika Adow kikoi kifuani, na Adow akaacha mikono yake ining'inie, yenye tope, bila kuinua.

Wagaki alimsogelea Nzilani sikioni. "Nyamaza," alinong'ona. "Nakuomba, Mama Ndanu. Hawa ndio wako na pikipiki. Wakikasirika na sisi, Kimotho atafika hospitali lini?"

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nzilani aliangalia mguu wa Kimotho uliokuwa mweusi sasa, akaangalia ile ngumi kifuani mwa Adow. Adow naye alimwangalia mara moja tu, kama mtu anayeomba shahidi, kisha akaondoa macho ili asimlazimishe.

"Mwaitu," Nzilani alimwita Syombua kwa Kikamba, kama mtu anavyomwita mama. "Muachilieni. Ni mimi niliyefungua."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Asubuhi tulikunywa, nikaacha wazi. Niliwaambia hawa tutafunga jioni. Nilikuwa naharakisha picha."

"Picha," Syombua alisema.

"Ndiyo."

"Wewe ni wa wapi?"

"Wamunyu."

Syombua alimtazama kuanzia viatu vyake vya kutembelea mpaka kofia. "Ungekuwa wa mbali ningejua hukufundishwa. Kumbe Wamunyu siku hizi maji yanatoka kwa simu."

Mtu mmoja alicheka, na Nzilani alihisi uso wote unawaka. Mutinda akamwachisha yule mwenzake kikoi cha Adow. Hakuna aliyemwomba Adow radhi, na hilo nalo Nzilani alilibeba.

Halafu Syombua akamwinamia Kimotho, akamgusa shingo. "Mutinda, lete pikipiki. Dada yake amshike kwa nyuma. Mgonjwa hana makosa." Akamnyooshea Nzilani sufuria kuukuu iliyokuwa inaning'inia kwa punda. "Wewe utabaki."

Akabaki. Alivua viatu akaingia kwenye tope lile, akachota uchafu, akamwaga mbali, akachota. Kuta zilibomoka, akazitoa. Kucha zilivunjika. Adow alishuka upande wa pili bila kuombwa, akawa anapokea sufuria. Wanawake wengine walifika na majerikeni, wakaelezwa na Syombua kwa sauti ambayo haikufichwa, wakakaa ukingoni mwa shimo wakingoja. Kila maji yalipojikusanya chini, Syombua aliteremka, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Bado."

Nzilani alichota tena.

"Bado."

Jua lilipokuwa limeshuka nyuma ya ukingo, ule ukingo mzuri ambao hakuupiga hata picha moja, Syombua alionja, akakaa kidogo, akameza. Aliweka jerikeni yake ya kwanza. Wenzake wakapanga foleni, na wakampita Nzilani wakichota kama wanavyopita kisiki.

Ng'ombe wa Adow walinywa mwisho, kwenye beseni. Kisha alifunga jerikeni yake juu ya punda, akachukua fimbo, akaja mpaka pale Nzilani alipokaa.

"Mgonjwa atapona," alisema. "Mfupa ni mfupa tu."

"Nilisema pengine," Nzilani alisema. "Uliponiuliza."

"Hata mimi nilipaswa kuwashika wanyama mapema," Adow alijibu. "Kesho ukipata njia, wape nyumbani salamu."

Akapiga mluzi, fahali wakainuka mmoja mmoja. Nzilani alitamani angemtukana. Angemtukana hata kidogo, angeweza kuinua uso wake akamtazama akienda. Alibaki ameinamisha kichwa, akisikia kwato zikipanda mchangani, mpaka Syombua alipomwambia ainuke, giza linaingia, na nyumbani kwake kuna mahali pa kulala.